Numero yetu si ya kuchukua bure: muombe ruhusa kwanza

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana, Lubumbashi

  

Leo hatusemi juu ya barabara wala umeme, hata kama mambo yale hayajaisha. Tunasema juu ya kitu kidogo chenye tunabeba mufukoni kila siku: numero ya telefone. Neno letu ni moja tu. Mtu mwenye biashara akitaka kutupigia ama kutuandikia ili atuuzie kitu, atuombe ruhusa kwanza. Na siku tunamwambia basi, aache. Sheria ya inchi inamuomba vile. Na tutaonyesha leo kwamba kuifuata haiko kazi nguvu, hata kwa mama mwenye duka dogo la nguo.

Juu ya nini sisi, vijana bila kazi, tunabeba jambo hili? Sikilizeni.

Wengi kati yetu tulimaliza iniversite. Tumeacha CV huku na kule: kwa biro za kampuni za madini, kwa mabanki, kwa mashirika, kwa mashule. Juu ya ile karatasi kuna jina, adrese, tarehe ya kuzaliwa na numero. Kisha tunangojea. Mtu mwenye kungojea kazi hawezi kukataa numero yenye hajui. Telefone ikilia mu bisi, tunaomba dereva apunguze muziki. Ikilia kanisani, tunatoka inje. Inaweza kuwa njo ile kazi! Tunafungua, tunasikia sauti ya mashini inasema tumechaguliwa, tubonyeze moja. Ama ni kijana kama sisi, amelipwa kidogo, anatuuliza kama tunapenda kucheza pari. Kwa kampuni, ule ulikuwa mwito mmoja kati ya mingi. Kwetu sisi, moyo ulipanda na ukashuka.

Na kuna kibaya kuliko pale. Wezi wanajua kama tunangojea. Wanatuitaka na jina letu kamili, wanasema dosie yetu imepita, inabakia paka makuta kidogo ya kufungua ile dosie, tutume sasa hivi kwa numero fulani. Walipata wapi jina letu pamoja na numero? Mwizi hakuota. Mahali fulani, karatasi ilibakia wazi.

Tuangalie vile numero inatembea. Unaenda kutoa feza kwa telefone, mwenye kabini anaandika jina lako, numero yako na kiasi cha feza ndani ya kaye. Ile kaye inalala wazi juu ya meza, kila mwenye kupita anasoma. Unajaza karatasi ya tombola mbele ya duka, unapata kalamu ama kofia, na kuanzia kesho mesaji zinaanza kuingia. Unaenda kwenye mkutano, wanapitisha liste ya waliofika, na wiki inayofuata uko ndani ya kundi la WhatsApp lenye hukuomba kuingia. Kijana analipwa kwa hesabu ya numero zenye analeta: numero nyingi, makuta kidogo. Anazitoa kwa telefone yake mwenyewe: baba mdogo, yaya, mwalimu wa zamani, wote wanaingia mu liste bila kuulizwa.

Halafu kuna zile huduma za mesaji, habari za mpira, nyota, wimbo wa kungojea. Umebonyeza kwa bahati mbaya, ama hukubonyeza hata, na kila asubuhi kredi inapungua. Mtu wa kampuni kubwa hawezi kusikia uchungu wa franka mia moja. Mwenye alinunua kredi ya franka mia tano ili apigie mama yake anasikia.

Vijana, jambo la makuta kutoka ndani ya telefone bila ruhusa, inchi hii inalijua. Mukumbuke RAM. Mwaka 2020 walituambia kwamba ni rejista ya kuandika telefone zote, ya kutulinda na wizi. Kredi ikaanza kukatwa: dola 1 kwa mwaka kwa telefone ya 2G, dola 7 kwa telefone ya 3G na 4G. Hakuna mtu aliyetuuliza. Watu walikataa, barabarani na kwenye intaneti, wadeputé wakamuuliza minisitiri maswali, na mwanzoni mwa mwaka 2022 RAM ikaondolewa. Tulijifunza mambo mawili pale. La kwanza: telefone yetu inafunguka kutoka mbali, na mwenye ufunguo si sisi. La pili: watu wakisema hapana wote pamoja, hata Leta inasikia.

Sasa sheria. Tuende polepole, kwa sababu wengi wanatuambia kwamba Kongo haina sheria ya mambo haya. Si kweli.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya ndani na siri ya mawasiliano yake. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020, ile ya telekomunikasyo, inagusa pia ulinzi wa mtu mwenye kutumia telefone na wa habari zake. Kisha kuna Code du numérique, ordonnance-loi namba 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Hii njo kubwa. Inasema kwamba habari za mtu, kama jina, numero, adrese, picha, haziwezi kutumiwa ovyo. Mwenye kuzikusanya awe na sababu halali, aiseme, na asiende mbali kuliko ile sababu. Mtu ana haki ya kujua nini wameandika juu yake, kuomba wasahihishe, kukataa, na kuomba wafute. Na Code ile imeweka mamlaka ya kulinda habari za watu.

Neno lenye kubeba yote ni ukubali. Wengi wanafikiri kwamba ukubali ni kunyamaza. Hapana. Ukubali wa kweli una miguu mine, kama kiti.

Mguu wa kwanza, uwe wa hiari. Muuza dawa akikuambia kwamba bila numero hakuna dawa, na wewe mtoto anaungua homa nyumbani, ile haiko hiari.

Mguu wa pili, uwe wa jambo moja lenye kujulikana. Ulipoandikisha kadi ya SIM, ulitoa kitambulisho kwa sababu sheria inaomba mwenye numero ajulikane. Hukusema: muuzieni wenye pari. Ulipoacha CV, ulitoa numero kwa ajili ya kazi. Hukusema: munitumie matangazo ya viwanja.

Mguu wa tatu, uwe umeelezwa. Nani anachukua numero? Atafanya nayo nini? Atampa nani mwingine? Akishindwa kujibu maswali haya matatu, hajakueleza kitu.

Mguu wa ine, uwe wazi. Umesema ndiyo, umetia sahihi, umebonyeza mwenyewe. Kama sanduku limekwisha kuwekwa alama mbele yako hujafika, ile ndiyo ni yao, haiko yako.

Ukikata mguu mmoja, kiti kinaanguka.

Kongo haiko peke yake katika njia hii. Umoja wa Afrika ulipitisha mkataba wa Malabo mwaka 2014, nao ukaanza kufanya kazi mwaka 2023. Unaomba mainchi yakataze kumtumia mtu matangazo bila ukubali wake wa mbele, na unaomba kila tangazo lionyeshe mahali pa kuandika ili liachwe.

Tuende inchi ya Kenya. Hatusemi komini yetu ya Kenya hapa, tunasema ile ya Nairobi. Kule wana sheria ya kulinda habari za watu tangu 2019. Mwezi wa Septemba 2023, ofisi yenye kuisimamia ilitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye kukopesha feza kwa telefone, faini ya shilingi 2,975,000, kwa sababu ilitumia majina na numero zilizopatikana kwa watu wengine, ikawapigia na kuwaandikia watu mesaji za kuwatisha. Siku zile zile, shule moja ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuweka picha za watoto bila ukubali wa wazazi. Munaona? Haikuwa kampuni ya telefone. Ilikuwa shule. Sheria hii inagusa kila mwenye kuandika jina la mtu.

Nigeria, tangu 2016, mtu anatuma neno moja kwa numero fupi 2442 na matangazo ya opereta yanasimama. Marekani wana sheria ya mwito wa kuuza tangu 1991, na mtu aliyepigiwa bila ruhusa anaweza kudai dola 500 kwa kila mwito, hadi dola 1500 kama kampuni ilifanya kwa kusudi. Tangu 2003 wana rejista ya numero zenye hazipendi kusumbuliwa. Na Ufaransa, wenye tunaiga sheria zao mara nyingi, walikuwa na rejista ya namna ile, wakaona haitoshi. Mwaka 2025 wakapitisha sheria mpya: kuanzia tarehe 11 Agosti 2026, hakuna kumpigia mtu kumuuzia kama hajakubali kwanza. Walianza na "kataa kama hutaki". Wamefika kwa "omba kwanza". Sisi, Code yetu imekwisha kuweka ukubali mbele. Inabakia tu kuufuata.

Sasa tunasema na wenye biashara, wakubwa kwa wadogo. Hatukuja kuwafungia milango. Sisi tusio na kazi tunaomba muuze, na muuze sana, kwa sababu mukiuza mutaweza kuajiri. Tunawaonyesha namna ya kuuza bila kuvunja sheria na bila kuchukiwa.

Moja. Muombe mbele ya kuandika. Mama mwenye duka la nguo, chukua kaye mpya. Juu ya ukurasa andika hivi: "Ninakubali duka hili liniandikie mesaji nguo mpya zikifika. Ninaweza kuacha siku yoyote." Chini, weka nafasi ya jina, numero, tarehe na sahihi. Kazi imekwisha. Bei yake ni bei ya kaye.

Mbili. Mutenganishe ndiyo na ndiyo. Mtu anaweza kukubali mesaji na kukataa kupigiwa. Anaweza kukubali kwa nguo na kukataa kwa mikopo. Muweke nafasi mbili, yeye mwenyewe atie alama.

Tatu. Mukipiga, museme ninyi ni nani. Jina, kampuni, sababu ya kupiga, kisha swali: "Uko na nafasi sasa?" Akisema hapana, mumshukuru, mukate. Kampuni zote za kweli zikisema jina lao hivi, mwizi atabakia peke yake gizani, na itakuwa rahisi kumtambua. Leo wote wanapiga namna moja, kwa hiyo mwizi anajificha kati yenu.

Ine. Muweke mlango wa kutoka. Kila mesaji ionyeshe namna ya kuacha, neno moja tu, na bila kumkata mtu kredi. Mtu akisema "basi", muandike numero yake ndani ya liste ya waliokataa, na muisome liste ile mbele ya kila kampeni. Mtu akikataa kwa biro ya mujini, asipigiwe tena na biro ya Kampemba.

Tano. Musinunue liste. Mtu akikuletea numero elfu tano kwenye kifungulio, umuulize swali moja: sahihi zao ziko wapi? Kama hana, unanunua matatizo. Na musiseme kwamba ni kijana wa kupiga aliyekosa. Kazi ilikuwa yenu, jina lililotajwa ni lenu, makuta yaliingia kwenu.

Sita. Mulinde kile mulichopewa. Kaye ilale ndani ya sanduku lenye kufungwa. Liste ya kwenye ordinatere iwe na neno la siri, na isitembee kwenye telefone ya kila mfanyakazi. CV za watu mulioacha kuajiri, muzifute ama muzichome; musifungie karanga. Tumekwisha kuona karatasi za namna ile kwenye soko.

Saba. Numero ya mtoto, mupitie kwa mzazi. Picha ya mtoto pia.

Tunasikia jibu lenu: "Ninyi vijana munatuletea mambo ya Ulaya. Tukingoja ruhusa ya kila mtu, tutauza lini?" Ni swali la haki, tunalijibu. Tuseme duka lina numero mia mbili za watu walioandika sahihi yao, kwa sababu wanapenda nguo za pale. Duka lingine lina numero elfu tano zilizonunuliwa. La kwanza likituma mesaji, watu wanakuja kuangalia. La pili likituma, watu wanazuia ile numero, na wanawaambia jirani. Kila mesaji inalipwa. Nani anatupa makuta yake? Mfanyabiashara wa Lubumbashi anajua kitu hiki tangu zamani bila kusoma Code: mteja mwenye alirudi mwenyewe ana faida kuliko kumi wenye ulivuta kwa mkono.

Na kwa upande wa kazi: kijana mwenye kulipwa kwa hesabu ya numero, bila mkataba, hana kazi, ana kibarua cha kuuza ndugu zake. Kampuni ikifuata sheria itahitaji mtu wa kushika liste vizuri, kujibu wenye kulalamika, kuandika ukubali, kufuta. Ile ni kazi yenye jina. Katika mji huu, wenye kujua kuifanya hawakosekani.

Sasa tuseme na sisi wenyewe, ndani ya harakati. Hatuwezi kudai kwa wengine kitu chenye hatufanyi. Kwetu, liste ya numero haiko jambo la matangazo tu, ni jambo la usalama. Karatasi ya waliofika kwenye mkutano ikianguka kwa mkono mbaya, kijana anaweza kutafutwa nyumbani kwao usiku. Kwa hiyo: hakuna kumuingiza mtu ndani ya kundi bila kumuuliza. Hakuna kupiga picha ya liste na kuituma. Mwenye kusema anatoka, numero yake inafutwa siku ile ile, na hatumuulizi juu ya nini.

Na kwa kila mmoja wenu, mambo ya kufanya kuanzia leo. Wakikuomba numero, uliza: ya nini? Una haki ya kuuliza, hata kwa kabini. Mesaji ikija bila ruhusa, usifute haraka: piga picha ya skrini, andika tarehe na saa. Jibu kwa maandishi: "Sikukubali. Muondoe numero yangu. Muniambie muliitoa wapi." Kredi ikikatwa kwa huduma yenye hukuomba, enda kwa opereta wako, dai waisimamishe na wakurudishie, na uombe karatasi yenye kuonyesha kwamba ulilalamika. Wakikataa, peleka ile karatasi kwa ARPTC, yenye kazi ya kusimamia maopereta. Mtu mmoja akilalamika, wanasema ni kelele. Watu mia moja wakileta karatasi mia moja zenye tarehe, ile ni dosie.

Na wakikupigia juu ya kazi: hakuna kutuma makuta. Kampuni ya kweli haiuze kazi kwa telefone. Kata, kisha enda mwenyewe kwa biro yao uulize. Tuwaambie wadogo wetu pia, kwa sababu mwaka huu ni wao watakaotoka na diplome mikononi.

Kwa viongozi tunadai mambo matatu. ARPTC iwalazimishe maopereta wote kuweka numero fupi moja, ya bure, yenye mtu anatuma neno moja na matangazo yote yanasimama. Mamlaka ya kulinda habari za watu iwe na mlango wazi hapa Lubumbashi, mahali pa kufika na mguu, kwa sababu mama wa Katuba hatapanda ndege kwenda Kinshasa kulalamika juu ya franka mia moja. Na sheria hii ielezwe kwa Kiswahili, kwenye radio na kwenye soko, isibakie kwa Kifaransa cha mawakili.

Kwa wenye biashara tunawaachia swali moja la kubandika kwenye ukuta wa biro: huyu mtu tunayempigia, alisema ndiyo lini, na sahihi yake iko wapi? Mukipata jibu, pigeni, tutafungua. Mukikosa, muache telefone chini. Kuna mtu upande wa pili anangojea mwito mwingine.